Siku Saba za Mzee Mwansa

Naona mnacheka kabla sijaanza, na aliyewadokezea namjua (analala kitanda kimoja nami), basi afadhali jambo lenyewe mlisikie kutoka kinywani mwangu: ni kweli, mimi mwanaume mzima, nimevaa suti na tai, nilipanda mgongoni mwa mama mkwe wangu ndani ya maji, mchana kweupe, mbele ya wavuvi wote wa Kilwa, na masikio bado yananiwaka nikikumbuka.

Wakati ule mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, nami nilikuwa karani katika karakana moja, nashika kadi za wafanyakazi, mtu akifanya kazi naitoboa kadi yake tundu moja la siku hiyo, asipofanya sitoboi, na mwisho wa mwezi matundu yale ndiyo mshahara wake. Nikimkuta mtu ameketi, tundu hana. Ameketi kwa nini, sikuuliza. Watu wenye mvi waliniamkia wa kwanza, kichwa kikavimba, nikaamini Katanga nzima hakuna anayejua kupima kazi ya mtu kama mimi.

Mke wangu Joséphine alikuwa amekwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza kwao Kilwa, kando ya ziwa Mweru, kama desturi ilivyotaka. Akazaliwa binti, habari nikaletewa na dereva wa lori la samaki, na kwa miezi mitatu nikaishi peke yangu, nasonga bukari (ugali wetu) yenye madonge, naongea na ukuta. Nilipopata likizo ya siku nane pamoja na karatasi ya ruhusa ya kusafiri, nikapanda lori lile lile juu ya magunia ya chumvi, suti iko sandukuni, na moyoni nina neno moja tu, kurudi nao.

Baba mkwe, Papa Silvestre, akaniwekea mtoto mapajani (masikio kachukua yangu, maskini), akasema: "Mukwe, bwato yangu iko kwa fundi. Siku itaingia mu mayi na kurudia na samaki, njo utabeba bibi yako na mutoto. Siwezi kubatuma bila kitu."

Bwato, yaani mashua ile, ndiyo iliyolisha nyumba yote. Mwamba uliipasua, ikakaa nchi kavu kiangazi kizima, ndipo mzee Mwansa akaitwa, akabadilisha mbao tatu za chini, akaongeza ubao mmoja kila upande ili ibebe zaidi, akatengeneza na mahali pa kufungia injini. Kwa yote hayo alitaka malipo ya siku kumi na tisa. Papa Silvestre hakujua kama ni haki.

"Weye njo unahesabiaka bazungu masiku ya bantu," akaniambia, maana mimi ndiye niliyewahesabia wazungu siku za watu. "Enda uangarie kama ananiibia."

Hapo ningejibu "sijui", neno dogo tu, na leo msingekuwa na cha kucheka. Lakini nikavaa suti, nikachukua daftari, nikateremka ufukweni. Nikakuta mashua imezamishwa kwenye maji ya kina kifupi, imejaa mawe, na mzee Mwansa ameketi juu ya gogo anavuta tumbaku. Jioni nikarudi, ameketi. Asubuhi yake, ameketi.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nanywesha mbao. Ilikauka sana. Masiku saba."

"Na ile masiku saba unailipisha?"

"Ndiyo. Njo kazi."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia baba mkwe, wavuvi wote wanasikia, kwamba siku kumi na mbili za nyundo ni haki yake, lakini hizi saba kazi imefanywa na maji, basi yalipwe maji. Watu wakacheka pamoja nami, nami nikajiona nimefika. Ukweli ni kwamba likizo yangu ilikuwa imebaki siku tano, na mbao zile zikinywa siku zake zote ningerudi mjini bila mke wala mtoto. Kazi ya mzee sikuipima hata kidogo, nilikuwa nimewakumbuka watu wangu.

Mzee Mwansa hakubishana. "Munilipe ya nyundo. Ya mayi mumalize benyewe." Akabeba sanduku lake la vyombo, akaenda. Papa Silvestre akamtazama mpaka akapotea, kisha akaamua kumwamini mkwe aliyesoma.

Tukatoa mawe siku ile ile, tukachota maji, mashua ikaelea, nikaingia wa kwanza na suti yangu.

Sasa, ninyi vijana wa leo hamjui, kwetu mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa kukwepana. Tangu nioe, mama mkwe wangu, Mama Henriette, alikuwa hajanisemesha wala mimi sijamsemesha, nikimwona njiani naingia majanini, naye anajifunika kitambaa, hata salamu zetu zilipita kwa Joséphine. Saa ile alikuwa majini na wanawake wenzake wakiosha mihogo waliyoiroweka, na kwa heshima akanigeuzia mgongo.

Hatukufika mbali. Maji yakaanza kuingia kwenye maungio ya mbao, ambazo hazijanywa zikavimba na kuyaziba, huku kidogo na kule kidogo.

"Ni kidogo tu, Papa," nikasema.

"Mukwe," akajibu kwa upole, "kidogo iko mu magoti."

Mashua ikalala ubavu, nami nisiyejua kuogelea nikatumbukia, nikashika kitu cha kwanza nilichokipata, nikakipanda, nikakikumbatia shingo, macho nimefumba, namwita Bikira Maria kwa sauti. Nilipofumbua nilikuwa mgongoni mwa Mama Henriette, na maji yalimfika kiunoni.

Hakuna aliyecheka, ndipo nikajua nimeharibu. Akatembea nami mpaka mchangani, akanishusha, akajifunika uso, akaenda nyumbani. Joséphine akanikausha kichwa, analia na kucheka pamoja, akaniambia wajomba zake wamekwisha sema: mkwe aliyemshika mama mkwe hachukui mke wala mtoto mpaka mama mwenyewe afungue kinywa.

Nikaenda kwa mzee Mwansa, nguo bado zinachuruzika. Akanipa kigoda na kiazi cha moto.

"Nilikosa, mzee."

"Uliona mikono yangu inalala," akasema. "Macho yangu haukuiona. Mi silipishake nyundo, mutoto wangu. Nalipishaka ile siku muntu anaenda mbali na anarudia."

Akarudi kazini kwa bei ile ile ya kwanza, hakuongeza hata faranga. Siku nilizobakiwa nazo nikaketi naye, nikamwona anavyogusa kila ungio kwa kidole gumba, anavyosogeza jiwe hapa na pale, anavyotia alama ya mkaa kila povu linapotokea, na siku ya pili tu nilikuwa nimechoka kuliko mbeba magunia. Likizo ikaisha. Mama Henriette alikuwa bado amejifungia ndani, nikapanda lori peke yangu.

Kazini, wiki ile ile, nikamkuta seremala ameketi kando ya mlango. Nikamwuliza anangoja nini, akaniambia gundi ikauke. Nikaichukua kadi yake nikaitoboa tundu, akanitazama akidhani naumwa.

Kila jioni nilikwenda sokoni panaposhukia malori ya samaki, nasimama, narudi. Wiki ya tatu likaja moja, akashuka Joséphine na kikapu cha samaki wakavu, sura haisomeki. Kisha akashuka Mama Henriette mwenyewe, mtoto yuko mgongoni mwake. Miguu yangu ikatafuta majani ya kujificha, na sokoni majani hakuna. Akaja moja kwa moja, uso wazi, akamfungua mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu nioe akanisemesha.

"Baba nilimubeba, mutoto nimemubeba. Sasa mi nimechoka. Kamata."

Nikampokea binti yangu, nikalia pale pale mbele ya wauza samaki (ndiyo, aibu nyingine hiyo, iongezeni). Basi tangu siku ile mtu akiniuliza kama fundi fulani ametaja bei ya haki, namwambia sijui, ngoja kwanza nikaketi naye mpaka amalize.