Nimempekua mke wangu mbele ya wenzake

Wasomaji wa ukurasa huu, naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanitukana. Mhariri ameniahidi kuficha jina langu na la kijiji. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na saba, nina mke mmoja, na watoto wetu wote wameshaanza maisha yao. Nyumbani ni huku Misungwi, lakini maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia Mwanza mjini, kwenye kiwanda cha nguo. Nilipanga chumba Mkuyuni, mke wangu akabaki na shamba. Kila mwisho wa mwezi nilikuja na sukari, sabuni na mafuta ya taa, nikalala siku mbili, nikarudi. Mwaka jana kiwanda kilipata wenyewe wapya, tukapunguzwa kazi. Nikarudisha ufunguo wa chumba, nikaja kupumzika kwangu.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa getini. Zamu ikitoka nawapapasa watu, maana wapo waliokuwa wanajiviringisha vitambaa tumboni. Nilikuwa hodari. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, huyo namsimamisha kwanza. Sasa mtu wa namna hiyo mkamkalishe kibarazani kutwa nzima, ataangalia nini? Nikaanza kumwangalia mke wangu.

Kwanza mbwa. Mbwa wa nyumbani kwangu ananibwekea mimi! Lakini kuna jirani yetu, nimwite Masanja, fundi cherehani aliyefiwa na mkewe. Huyo akija, mbwa hata kichwa hainui. Masanja anajua jembe linakaa wapi, anajua ng'ombe yupi anapiga teke akikamuliwa. Siku hizi kila mwenye lori na mzani ni mnunuzi wa pamba, basi wakija nasema tumuuzie wa kwanza tumalize, mke wangu anajibu, "Ngoja Masanja auone mzani wao." Masanja! Na mimi nimekaa pale pale na mvi zangu.

Nikaanza kumwekea saa. Kisimani dakika ngapi, kwa jirani dakika ngapi. Akirudi namuuliza kapitia wapi, kakutana na nani. Mwanzoni alicheka, "Baba Kulwa, hapa si kiwandani." Baadaye akaacha kucheka, akawa ananijibu neno moja moja. Nikasema hiyo ndiyo dalili yenyewe, mwenye kitu hunyamaza.

Alhamisi moja wanawake wa kikundi chao cha kulima walikuwa shambani kwetu. Walipopumzika, mke wangu akaingia ndani, akatoka na kapu kichwani, akashika njia ya kwa Masanja. Aliponipita akaniaga vizuri kabisa, na tabasamu juu. Wiki nzima hajatabasamu! Nikamfuata hadi kwenye minyaa ya mpakani, nikamwambia ashushe kapu.

"Wenzangu wananiangalia," akasema.

"Shusha."

Akashusha. Juu kulikuwa na michembe, vile viazi vikavu vyetu. Nikazama na mkono hadi chini kama nilivyozoea, michembe mingine ikamwagika, nikaibuka na shati la kiume. Shati zuri la mtumba, la mikono mirefu. Jamani, damu ilinichemka. Nikaliinua juu wote walione, nikapaza sauti, "Hili ni la nani?"

"La kwako," akasema taratibu. "Nililinunua mnadani. Tangu urudi umekonda, nguo zako zote zinakupwaya, na hili nalo ni kubwa. Nampelekea fundi alipunguze mabega. Michembe ni ya kumshukuru."

Bibi mmoja wa kikundi akaja, akaokota michembe iliyomwagika, mmoja mmoja, akairudisha kapuni bila kuniangalia. Tangu siku hiyo wanawake wale wakinikuta njiani wananiamkia shikamoo huku wameangalia pembeni. Nimezeeka, lakini aibu kama ile sikuwahi kuionja.

Nitasema kweli, maana jina langu halimo. Hata hapo sikuridhika. Nililijaribu lile shati, likanipwaya mabegani kama alivyosema. Lakini Masanja naye ana mabega mapana. Mnaona nilivyo? Nilisimama na shati mwilini nikipima mabega ya mtu mwingine.

Siku ya tatu mke wangu aliniita tukiwa wawili, anachagua mbegu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Baba Kulwa, sina bwana na sijawahi kuwa naye. Ila yule mume wa mwisho wa mwezi nilimpenda sana. Nilikuwa nafagia uwanja tangu asubuhi namsubiri. Huyu wa kila siku siwezi kuishi naye. Tafuta chumba mjini, uwe unakuja kama zamani. Usipotaka kwenda wewe, nitakwenda mimi kwa Kulwa."

Amenipa mpaka pamba iishe. Imebaki robo ya shamba kuchumwa.

Kaka yangu anasema mwanamke asiye na mtu hawezi kumfukuza mumewe nyumbani. Maneno hayo yananizunguka kichwani kutwa. Nikiondoka, naona nimemwachia Masanja mji wangu. Nikibaki, nitabaki na mbwa. Nami mke wangu bado ninampenda, hata kama mnasoma mnacheka.

Kuna jambo sijamwambia hata kaka yangu. Kule getini wengi niliowapekua sikuwakuta na kitu. Sikumwomba radhi hata mmoja, nilikuwa nasema tu, "Pita," namvuta anayefuata. Na siku ile, mke wangu alipomaliza kunieleza habari ya shati, wenzake wote wanatuangalia, mdomo wangu ulitoa neno lile lile. Nilimwambia, "Haya, pita." Akajitwika kapu lake, akapita.

Ninyi mliokaa na wake zenu kila siku, nisaidieni. Nimwambie nini sasa?