Salamu Zina Mkia

Siku yangu ya kwanza kazini nilimaliza vitanda kumi na viwili kabla ya chai ya saa nne, nikajiona bingwa. Nilikuwa nimetoka skuli ya uuguzi wiki mbili nyuma, nguo yangu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kutoka nyumbani kwetu Tibirinzi mpaka hospitali ya Chake Chake nilikwenda mbio, kama nilivyokwenda mbio katika kila kitu. Mama yangu akisema nilizaliwa kabla mkunga hajafika kwa sababu sikuwa na subira ya kumngoja. Basi nikapewa wodi ya wanaume, daftari na kalamu, nikaambiwa nichukue historia. Kwa msiojua, historia yetu sisi wauguzi si habari za wafalme. Ni kumuuliza mgonjwa ameanzaje kuumwa, wapi, tangu lini, na kitu gani kinamzidishia.

Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wote pale, alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwendo na mpole wa sauti. Alilipokea daftari langu akalisoma ukurasa kwa ukurasa, hana haraka. Akaniuliza mzee wa kitanda cha tatu ana nini. Nikamjibu kuwa hajambo, nimemuuliza mwenyewe. Akaniuliza wa kitanda cha nne. Naye hajambo. Hakunigombeza. Alivuta stuli, akaketi karibu na yule mzee wa kitanda cha tatu, akaanza kumwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana: shikamoo, wa nyumbani hawajambo, wajukuu je, mvua huko kwenu imenyesha, na kima safari hii wameuacha muhogo? Mzee akajibu kila kitu kwa kheri. Mimi nimesimama pembeni nahesabu dakika zinazopotea. Kisha Metroni akanyamaza. Hakumtazama mzee usoni, aliitazama mikono yake mwenyewe, akanyamaza kabisa.

"Ila mwanangu," mzee akasema, "hichi kifua, nikilala chaniziba pumzi."

Kumbe moyo ulikuwa umechoka, na maji yameanza kujaa mapafuni. Siku ileile akaanzishiwa dawa. Tulipotoka wodini Metroni alinisogeza kando, mbali na masikio ya wenzangu, nami hilo la kunisitiri namshukuru mpaka leo.

"Riziki," akaniambia, "salamu zetu zina mkia. Ntu wa kwetu hata akiwa taabani atakwambia hajambo, ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Ugonjwa uko kwenye mkia, na wewe umeukata."

Niseme kweli: nilikereka. Nilimwona mtu wa zamani, asiyejua kuwa nje kuna foleni. Nilisema "ewaa, Metroni" kwa adabu zote, na moyoni sikuchukua hata neno moja.

Mengine niliyachukua, kwa sababu yalikuwa na fomu na mimi nilipenda fomu. Nilijifunza ripoti ya zamu, yale makabidhiano ya muuguzi anayetoka na anayeingia, ambayo hufanywa mbele ya kitanda na si mlangoni mkishavaa viatu. Nilijifunza pia kurudishiwa maneno. Hili lilitoka kwa Daktari wa Wilaya, mtu mkali kama pilipili mbuzi. Mwezi mmoja wa Ramadhani nilimpa babu mmoja vidonge, nikamwambia kimoja mara tatu kwa siku. Akasema amefahamu. Kesho yake akaletwa amelegea, kwani alikuwa amefunga, akavimeza vyote vitatu pamoja wakati wa kufuturu ili asinivunjie amri. Daktari akaniita.

"Amesema amefahamu," nikajitetea.

"Na wewe hapo ungesema nini?" akaniuliza. "Ungemwambia mkubwa wa watu kuwa maneno yake hayaeleweki?"

Tangu hapo sikumuuliza mgonjwa kama amefahamu. Nilimwomba anieleze yeye atakavyozitumia dawa zake akifika nyumbani, na kosa, kama lipo, nililibeba mimi: hebu niambie, nisije nikawa nimekueleza vibaya. Maneno hayo nimeyasema maelfu ya mara, na hayajawahi kumvunjia mtu heshima.

Lakini kukaa, hapana. Nilibaki kuuliza nikiwa nimesimama, kalamu juu ya karatasi. Wenzangu wakaniita Sista Mbio, nami nikadhani ni sifa.

Miaka kadhaa baadaye nikahamishiwa kituo kidogo cha afya huko kaskazini. Jina lake naliacha, maana kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, si la kituo. Mkuu wetu alikuwa tabibu kutoka Bara, Mkristo, kijana kwangu kwa umri, mchapakazi na mcheshi. Wiki yake ya kwanza aliuliza mbona huku wagonjwa wote ni wazima. Nilicheka nikamwambia atatuzoea. Yeye mgeni alikuwa ameona kwa wiki moja jambo ambalo mimi mwenyeji niliambiwa nikalipuuza.

Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Benchi limejaa hadi nje, na mashine ya kupimia presha ilikuwa imepelekwa Chake Chake kutengenezwa. Bila mashine, muuguzi hubaki na macho na masikio yake. Kuna ugonjwa unaoitwa kifafa cha mimba: presha ya mama hupanda kimyakimya, kisha humwangusha kwa degedege, na huweza kumuua yeye na mtoto. Dalili zake za mwanzo unaweza kuzipata kwa kuuliza tu, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, uso na miguu imevimba. Hata mjinga hashindwi kuyauliza hayo. Kazi ni kuyapata majibu yake.

Akaingia Mize, mimba yake ya kwanza, miezi minane. Aliletwa na mama mkwe wake, Bi Hidaya, kutoka Kiuyu. Nilimwuliza hali. Alhamdulillahi. Kichwa? Bi Hidaya akajibu hajambo, twashukuru. Macho? Hajambo. Nikatia alama tatu kwenye kadi, nikawaambia nendeni salama. Bi Hidaya akaaga. Mize alibaki kidogo amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango, kama mtu aliyesahau kitu. Nikamtazama juu ya kadi ya mwenzake, nikasema, "Mwengine."

Saa saba hivi, benchi limekwisha, Tabibu akalichukua daftari langu huku akinywa maji. Alilipitia kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Sista, hawa wote leo hawajambo?" akauliza. Hakuwa na maana mbaya, ilikuwa ni utani wetu wa kila siku.

Nikafungua kinywa nimjibu utani wake, na badala ya jibu nikauona ule mkono kwenye fremu. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa akingoja. Nikamsikia Metroni kama amesimama nyuma yangu, miaka yote ile baadaye. Nilimwambia Tabibu kila kitu. Sikujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa litukute Kiuyu, kisha akatoa pikipiki ya kituo. Nikapanda nyuma yake, nimekaa upande, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine buibui, na njia nzima naomba Mola anikutanishe naye akiwa hai. Kama amekufa, nilijisemea, hii nguo nyeupe siivai tena.

Bi Hidaya alikuwa uani anaanua nguo. Akashangaa, kisha akatukaribisha. Na hapo wanangu, nilitaka kumpita mbio niingie ndani. Lakini ningeingia hivyo ningemtia hofu yeye, na Mize angeficha zaidi. Ikanibidi nikae. Mkeka ukatandikwa ukumbini, Mize akatoka akaketi pembeni na mtandio wake, uso umemjaa kidogo, anatabasamu. Nikaanza kuamkia. Wa nyumbani hawajambo. Wazee hawajambo. Mkarafuu umechanua? Ng'ombe aliyekuwa na mimba keshazaa? Salamu zile zilikuwa ndefu kuliko njia yote tuliyotoka nayo. Nilizimaliza zote, hata moja sikuiruka.

Zikabaki taratibu za mkwe. Mwali wa kwetu hazungumzi ya mwili wake mbele ya mama wa mumewe, na mama huyo hawezi kuambiwa atoke kwenye nyumba yake. Nikamwambia Bi Hidaya kwamba Bwana Tabibu yuko nje juani, mgeni wa watu, hajapewa hata maji. Akaruka. Kumwacha mgeni bila kitu ni aibu kubwa kuliko zote, akaenda zake jikoni.

Tukabaki wawili. Nikaitazama mikono yangu, nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kunyamaza kule.

"Ila Bi Riziki," Mize akasema taratibu, "tangu juzi kichwa chanipasuka. Na leo asubuhi napika uji, chungu sikioni vyema. Naona nyota tu."

"Mbona hukuniambia kliniki, mwanangu?"

"Hukukaa," akasema.

Hakulaumu. Alinijibu tu nilichomuuliza.

Gari lilifika, Tabibu akaandika rufaa, ile barua ya kumkabidhi mgonjwa kwa hospitali kubwa, na safari hii nilimwomba Tabibu anirudishie dalili zote nilizomtajia kabla hatujaondoka. Degedege lilimshika Mize akiwa keshafika hospitali, mbele ya madaktari, sindano iko tayari. Halikumshika njiani, wala jikoni kwa Bi Hidaya. Alifanyiwa upasuaji jioni ileile, akapata mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Nilipoisikia sauti ile nyuma ya ukuta nilikaa chini sakafuni na nguo yangu nyeupe, nikalia kwa furaha mpaka kwikwi ikanishika. Tabibu alikaa sakafuni pamoja nami.

Kesho yake nilimwendea Bi Hidaya, nikamwomba radhi. Nilimweleza kuwa kosa lilikuwa langu, kwamba nilimwuliza mkwewe kama ninayefukuza kuku. Alinishika mikono. Akaniambia na yeye angelijua asingelimjibia mwenziwe, nasi tukasameheana palepale, tukanywa chai.

Wiki ileile nilikwenda kwa fundi seremala nikamwagiza kigoda chenye miguu mifupi, ili nikikaa mgonjwa awe juu na mimi niwe chini. Fundi aliniuliza ni cha kukunia nazi. Nikamwambia ni cha kusikilizia. Akaniangalia kama niliyeanza kupungukiwa na akili, akakipaka rangi ya kijani iliyokuwa imembakia. Hicho ndicho nilichofanyia kazi miaka yangu yote iliyobaki pale. Jina la Sista Mbio likafa lenyewe. Foleni haikurefuka kama nilivyoogopa, kwa sababu mgonjwa aliyesikilizwa mara moja harudi mara tatu.

Baadaye nilikuwa naitwa Wete kuwafundisha wauguzi wapya mawasiliano, neno kubwa lenye vitabu vyake na picha za mishale. Niliwafundisha mishale, kwa kuwa mitihani inaitaka. Kisha niliwaambia wakae, wamalize salamu, wanyamaze, na wasijibiwe na mkwe. Wengine waliandika. Wengine niliwaona machoni wananiona mtu wa zamani, na hao niliwapenda zaidi, maana niliwajua.

Nimestaafu sasa, nakaa Shumba na binti yangu. Ukistaafu, unalala na nyuso za wagonjwa wako. Namshukuru Mungu kwamba ya Mize huja ikiwa hai. Kilichokuwa kinanisumbua ni kingine: kama yote yale niliyoyajua kwa shida yatazikwa pamoja nami.

Mwezi uliopita nilikwenda kituo kilekile kuchukua dawa zangu za presha. Wahudumu wote wageni, hakuna anayenijua. Benchi limejaa. Nilimkuta muuguzi mdogo sana, kitambulisho kinang'aa, nikasema moyoni, haya, huyu ndiye mimi. Akaniamkia, akaniuliza hali. Nikamjibu sijambo, alhamdulillahi, nyumbani salama. Na wiki nzima mkono wangu wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi, sijamwambia hata binti yangu. Mimi, niliyefundisha Wete nzima.

Yule binti akaiweka kalamu mezani. Akainama, akavuta kutoka chini ya meza kigoda kifupi, rangi ya kijani imebanduka, mguu mmoja umepigwa msumari mpya. Akaketi chini yangu. Akaniuliza wajukuu, mvua, na kama kima wametuachia chochote shambani. Nikamuuliza hicho kigoda amekipata wapi.

"Nimekikuta, bibi," akasema. "Nimeambiwa tu hapa hatuandiki kabla hatujakaa."

Kisha akaitazama mikono yake, akanyamaza. Nje walikuwa wanakohoa, mtoto analia, foleni inasogea, naye kanyamaza tu, hana wasiwasi. Nikahisi kitu nilichokibeba miaka mingi kinashuka mabegani.

"Ila mwanangu," nikamwambia, "huu mkono wa kushoto."

Naye akangoja nimalize.