Mwali Hakimbii

Harufu ya mafuta ya nyonyo haikutoka katika kile chumba hata siku nisipopakwa. Iliingia kwenye mkeka, kwenye udongo wa ukuta, kwenye nywele zangu. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani nyumbani kwetu Mbwara tangu nilipovunja ungo, na sikutakiwa kuliona jua mpaka mpunga uvunwe, ngoma ichezwe, na kungwi anishike mkono kunivusha kizingiti. Kwa wazazi wangu, mwili kukua halikuwa jambo kubwa. Hata mbuzi hukua. Utu uzima ulikuwa kitu unachopewa na watu, mchana kweupe, na asiyepewa hakuwa nacho. Mama alinieleza hivyo huku akipepeta mchele, bila kunitisha, kama mtu anayesema mvua inakuja.

Ningekaa ndani msimu mmoja tu. Nilikaa miwili, kwa sababu wanaume walipelekwa kulima pamba ya Mjerumani, mashamba yetu yakaota magugu, na mpunga uliopatikana haukutosha kulisha wageni wa ngoma. Aliyenipunguzia uchungu ni kungwi wangu, Bi Mwanaidi, dada yake baba, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Alinifundisha kutembea kwa kuinama, hatua ndogo ndogo, macho chini, nikiongozwa mkono. "Taratibu! Mwali hakimbii," alinigombeza. "Unakwenda wapi na miguu ya korongo hiyo? Maskini mumeo, atatafuta kitanda cha kukutosha mpaka Kilwa!" Nami nisiyeruhusiwa kutoa sauti niliuma kaniki nisicheke. Jina langu la ukubwani alikuwa ameshalichagua yeye, na kama ilivyo desturi hakumwambia mtu, hata mama. Ningelisikia siku ya kutoka, kwenye njia panda, nikifunuliwa.

Kisha vikaja vita vya maji. Wanaume wa kwetu walikwenda Ngarambe kupewa maji ya dawa ya kuzuia risasi, wakarudi wameitia imani yao yote katika yale maji. Siku aliyoondoka, baba alisimama nje ya ukuta wa chumba changu, kwa kuwa baba haoni uso wa mwali. "Mwanangu, unanisikia? Gonga." Nikagonga. "Nikirudi tutavuna, tutacheza. Usitoke kabla. Usiniaibishe." Nikagonga tena. Hakurudi. Wachache waliorudi walisema risasi hazikugeuka maji, na hawakutaka kuulizwa zaidi.

Askari wa Mjerumani walifika jua likiwa limeshapanda. Nilisikia majirani wakiitana, mbuzi wakilia, vyungu vikivunjika, miguu ikielekea mtoni kwenye mitumbwi. Nilimsikia mama nje ya mlango wangu. Alishika ufito wa mlango, akauachia, akaushika tena. Mama hamtoi mwanawe mwenyewe, akimtoa, amemharibu. Badala ya kufungua, akakimbia kumtafuta Bi Mwanaidi, ambaye wakati huo alikuwa ameshajificha kwenye matete. Nilikaa peke yangu, nikivuta moshi wa mapaa ya watu, na sikutoka. Wala sikufikiria kutoka.

Wakarudi wote wawili wakihema. "Wifi, una wazimu?" Bi Mwanaidi alikuwa akisema. "Ungemtoa tu!"

"Na watu wangemwita nani?"

"Wangemwita hai!"

Lakini alipoingia hakunivuta. Alinifunika mkeka kichwani, akanong'ona maneno yanayotakiwa, akanishika mkono, tukavuka kizingiti. Na hapo ndipo tulipokosea sote watatu. Tulitembea. Niliinama, nikapiga hatua ndogo ndogo kama nilivyofundishwa, wao wakinisindikiza pande mbili, na hakuna aliyesema tukimbie. Nadhani waliona njia panda ni karibu, imebaki kidogo tu, wakaona uchungu kuharibu kazi ya misimu miwili kwa hatua chache. Nikasikia mlio wa bunduki. Mkono ulionishika ukalegea, ukaniachia. Nami, chini ya mkeka, nikasimama nikingoja ushikwe tena, maana mwali haendi bila mkono.

"Kimbia!" mama alipiga kelele. "Kimbia, mwanangu!"

Nikautupa mkeka, nikakimbia katikati ya pamba, jua likinichoma macho. Bi Mwanaidi alibaki pale na jina langu.

Mimi na mama tulifika Mbwera, kwenye visiwa vya mdomo wa mto, kwa mjomba aliyekuwa akikata mikoko. Baadaye njaa ikatufuata huko pia, tukala mizizi. Mama aliwaendea wanawake wa visiwani, mmoja baada ya mwingine, akiomba wanimalizie. Walimhurumia, wakasema hawawezi kumaliza kazi ya kungwi mwingine, na jina aliloliweka hawalijui. Mjomba akaniozesha. Siku ya harusi mama hakuja. Alikaa jikoni akilia, akisema wanamwoza mtoto. Mpaka anakufa aliniita mwali, mbele ya wanangu, na hakuwa akinisimanga. Ndivyo alivyoniona.

Sijatulia mahali tangu hapo. Nimekaa Mafia, Samanga, Kilwa, Dar es Salaam, na kila mara ngoma za kumtoa mwali zilipoanza kupigwa jirani niliona afadhali nihame. Sasa nina miaka arobaini na kitu, nakaanga samaki Kibiti, malori ya Lindi yakinipulizia vumbi. Siku hizi wazazi wa hapa huwatoa binti zao baada ya wiki chache, wengine kwa sababu mchumba ana ruhusa fupi kazini. Wazee wananung'unika kwamba ukubwa umekuwa wa haraka haraka. Mimi nawaonea wivu wasichana hao. Ngoma yao ni fupi, wali ni kidogo, lakini inakwisha.

Juzi jirani yangu alikuja amejitanda kanga mpya. "Bi mkubwa, hapa mtaani wewe ndiye mtu mzima. Njoo umshike mkono binti yangu."

Ningeweza kudanganya, hapa hakuna anayenijua. Nikamwambia atafute mwingine, mimi sijatoka.

Akacheka mpaka akashika mlango. "Hujatoka wapi, na mvi hizo! Haya, nitajie jina lako la ukubwani, nikamwambie mwali nani anakuja."

Akangoja, bado anatabasamu. Samaki wakaungua kwenye karai.