Kikapu Chenye Kitako

Majina ya wasichana wote niliocheza nao ninayo kifuani, hata la yule aliyehamia Adu kabla hajajua kudunda mpira. Lakini siyaandiki. Wengine ni wake za watu, wengine wametangulia mbele ya haki.

Nilikuwa darasa la nne, na hilo ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Mwalimu wetu, mwanamke wa Kilifi, alisimamisha nguzo ya mvinje uwanjani akasema tutacheza mpira wa kikapu. Chuma cha kutundika hakikuwapo. Nikakimbilia kwa nyanya yangu aliyenilea, mshonaji wa vikapu vya ukindu.

"Nyanya, mwalimu ataka kikapu."

Akashona kizuri, chenye masikio na mstari wa zambarau, akakileta shuleni mwenyewe. Mwalimu akakigeuza, akacheka.

"Shikamoo, mama. Hiki tutakikata kitako, mpira upite."

"Kukata kitako?" Nyanya akakipokonya. Kwetu kikapu kilichotoboka hakitiwi hata majivu. Mwanamke akikivuka tu, ilisemwa, tumbo lake halishiki mimba. Seuze msichana akitupia mpira humo kutwa! "Basi mwanangu hachezi."

Nililia hadi kwikwi ikanishika. Mwalimu akanitazama, akamtazama Nyanya. "Haya, mama. Kitundikwe hivyo hivyo."

Ndivyo tulivyocheza. Mpira ukiingia, hukaa humo, na mchezo husimama. Nyanya, aliyekuja kila alasiri na upembo wake wa kuangulia maembe, huusukuma kwa chini hadi utoke. Ukianguka hupiga kelele: "Umezaliwa huo! Upokeeni!"

Kisha tukaalikwa Matsangoni. Wenyeji wetu walikuwa na duara la chuma, tupu chini. Walipomwona Nyanya amefuatana nasi na upembo wake, wakatuchamba: "Nyinyi, mwacheza mpira ama mwaangua maembe?"

Hata sikuwasikia vizuri. Nilikuwa namtazama Nyanya tu. Akikataa, nitakaa kando na khanga yake mapajani, wenzangu wakicheza.

Akaenda chini ya lile duara. Akainua upembo, akaupitisha katikati, akagonga chuma: ngee!

"Hiki kilishonwa na nani?"

"Hakikushonwa, mama," mwalimu akajibu. "Ni chuma cha pipa."

"Basi si kikapu. Kisichokuwa na kitako tangu mwanzo, nani amekikata?" Akanigeukia. "Wanitazamiani? Nenda kacheze."

Tulifungwa vibaya mno. Hatukuzoea mpira unaorudi upesi hivyo. Kila ukipita kwenye chuma, sisi twasimama kungoja upembo, wenzetu washaondoka nao.

Nami nilikuja kuolewa, nikazaa, nikalea. Siku hizi mjukuu wangu acheza hapa Malindi, na majirani wana lao jingine: ati mchezo huu hurefusha, atakosa mume wa kimo chake. Mwenyewe huwacheka. Mimi hukaa ukutani nikitazama. Mpira ukipenya wavu, vijana hushangilia kwa maneno yao. Nami hutikisa bakora yangu, nikasema polepole: umezaliwa huo, upokeeni.