Mgeni wa Benchi la Pili

Mimi Kambo Ngoie sikusoma, lakini jina la muntu halinitoki kichwani. Ndiyo sababu pasta wetu mupya, aliyetoka Kasenga na hajajua bantu kwa sura, alinipa kazi ya kuangalia kila Jumapili nani amekosa ibada. Nakaa benchi la mwisho, nawajua wote kwa visogo.

Serikali ilipokataza bamama kuvaa peruki, zile nywele za bandia, ile peruki kubwa ya jirani yangu Kapinga sikuiona tena kanisani. Pahali pake, benchi la pili, alikaa mama wa nywele za kusuka. Nyumbani Kapinga alinisalimu, kitambaa kichwani kama kawaida, nami sikumuuliza habari za ibada, nisimwaibishe. Kwa pasta nikasema, "Kapinga ametuacha, lakini tumepata mugeni."

Pasta akahuzunika. Jumapili hii akatuomba tumuombee dada mmoja aliyepotea, jina hakutaja. Yule mgeni akaomba kwa machozi kutupita wote: "Bwana, umurudishe!" Nikampenda.

Kisha wageni wakaambiwa wasimame tuwapigie makofi. Hakusimama muntu. Nikaita kutoka nyuma, "Mama wa nywele za kusuka, usiogope. Tuambie jina, na kwenye unatoka."

Akasimama, akageuka.

"Miye Kapinga," akasema. "Natoka nyumba ya pembeni ya yako, Kambo. Leo asubuhi uliniomba chumvi."