Sauti Isiyofika Iringa

Mwaka 1974 mvua ilikata barabara ya Chunya, na Mwalimu Apolonia Mgaya akashindwa kwenda Iringa kwenye semina ya elimu ya watu wazima. Ripoti iliyojadiliwa siku hiyo ilikuwa yake. Basi waandaaji wakakubali ashiriki kwa simu ya upepo, kutoka ofisi ya mgodi wa Makongolosi, alikofundisha.

Bujiku, fundi wa simu hiyo, alifunga mlango na madirisha ili kelele za mashine zisiingie. Sauti za Iringa zikaja wazi kabisa. Ripoti ikasomwa, kisha bwana mmoja akasema, "Akina mama wa Makongolosi wanaacha kisomo kwa uvivu tu."

Apolonia akabonyeza kitufe. "Hapana, ndugu! Darasa limewekwa saa ya kuchota maji!"

Huko wakaendelea kuongea.

"Hawakusikii, mwalimu," Bujiku alisema. "Wameshikilia kitufe cha kwao ili usikie yote. Mpaka wakiachie ndipo sauti yako itoke."

Apolonia alikaa saa mbili katika chumba kile cha joto, jasho likimtiririka, akiwasikia wakipiga kura darasa lake lifungwe. Ndipo wakaachia.

"Makongolosi, una neno?"

Akaeleza habari ya maji.

"Ahsante, mwalimu," mwenyekiti akajibu, "lakini tumeshapitisha."

Jumatatu Apolonia alibeba ubao hadi kisimani, akafundisha kwenye foleni ya ndoo. Barua ya kufunga darasa ilipofika, aliirudisha Iringa na sahihi za wanawake thelathini na mmoja nyuma yake.