Kurasa Kumi na Moja za Dada

Kila asubuhi, kabla sijafunua cherehani, nachora ukurasa mmoja. Ni mwaka wa sita sasa. Mwanzoni nilijiona kituko, mtu mzima mimi, nimeinamia daftari la shule nachora mikono ya nguo inayofanana na mabomba ya maji. Lakini nilikuwa nimechoka kumshonea kila mwanamke blauzi ileile, na fundi aliyenifunza kazi aliniambia dawa ni moja tu: chora ulichokiona, andika maneno mawili pembeni, kesho rudia. Sikuruka siku, hata nilipougua. Baada ya miezi minne wateja wakaanza kuuliza, "Mshono huu umeutoa wapi?" Kichwa kilinivimba, siwafichi.

Kisha, mwaka jana, dada yangu akarudi kutoka hospitali na titi moja.

Tuliojua ni mumewe na mimi basi. Dada ni mwalimu, na kitu alichokiogopa kuliko ugonjwa wenyewe ni kuingia ofisi ya walimu akute watu wamenyamaza ghafla. Aliniomba nimshonee blauzi ambazo akizivaa hakuna atakayegundua lolote. Tulijifungia chumbani kwake, akavua, nikampima. Muda wote alitazama ukutani. Nilimtania kwamba amerudi na kiuno cha msichana, akacheka kidogo.

Asubuhi iliyofuata nilifungua daftari na mkono ukamchora yeye. Kesho yake tena. Zilifika kurasa kumi na moja: bega, ubavu, kovu, mkunjo unaoanzia begani kushoto na kushuka hadi kiunoni. Pembeni niliandika kama kawaida yangu, "Dada. Kushoto tupu. Weka bitana nzito." Nitasema ukweli hata kama unaniumbua: sijawahi kuchora vizuri vile. Nilikuwa naamka na hamu. Blauzi zikakamilika, dada akarudi kazini, na hakuna aliyeshtuka.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mafundi wengine hubandika picha za mishono ukutani. Mimi nawapa wateja daftari wapekue wenyewe, halafu nasimama karibu nikisubiri sifa. Jumamosi moja alikuja mwalimu anayefundisha shule moja na dada, anayejua sisi ni ndugu. Dada mwenyewe alikuwa kwenye benchi, ananisubiri nimkazie kifungo cha koti. Nilimpa mgeni daftari bila hata kuinua macho. Alifunua kurasa chache, kisha akaacha kufunua, akasoma maneno ya pembeni, akamtazama dada pale kwenye benchi.

"Huyu si wewe?" alimuuliza dada, tena kwa upole. "Pole sana jamani. Mbona hukutuambia?"

Dada alilichukua koti lake mikononi mwangu, kifungo bado kinaning'inia kwenye uzi, akatoka. Kufikia Jumatatu adhuhuri ofisi nzima ya walimu ilikuwa inamsemesha kwa sauti za msibani.

Siku hiyohiyo alipotoka kazini nilimfuata nyumbani kwake. Zile kurasa nilikuwa nimezichana zote, nikamwekea mezani.

"Siku ile nilijua navua mbele ya mdogo wangu," alisema. "Kumbe nilivua mbele ya fundi."

"Nisamehe, dada. Sikuwa na nia mbaya."

"Najua hukuwa nayo." Alizitazama karatasi bila kuzigusa. "Ukitaka kuzichora tena sasa hivi, utaweza?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini ukichora kila siku kwa miaka jicho linajifunza kushika, na lile kovu nilikuwa nalo lote kichwani, hadi pale linapopinda karibu na kwapa.

"Nitaweza."

"Basi unanirudishia nini?"



Siku hizi anashonewa na fundi wa mtaa mwingine, ambaye dada hajamweleza chochote. Tunasalimiana vizuri, na wanawe wanakuja kwangu kama zamani. Ila blauzi zake mpya zinamlegea upande wa kushoto, na anatembea amekumbatia mafaili kifuani. Nikimwona naona kabisa pa kukaza na pa kuongeza bitana. Ni kazi ya nusu saa. Sina uso wa kumwambia.